Mpangaji wa Mpangaji

Katika mitaa ya Nairobi iliyojengwa na baraza la mji, tangu zamani hata leo, hukaa watu ambao majina yao hayamo katika daftari la mwenye nyumba. Mwenye jina alipewa chumba na baraza, akatia sahihi. Kisha, kwa sababu ya shida au ya tamaa, akamkabidhi mtu mwingine ufunguo kwa kodi iliyo kubwa kuliko ile anayotozwa yeye. Huyu wa pili hulipa kila mwisho wa mwezi. Hupika hapo, huuguza watoto wake hapo, na pengine hukaa miaka kumi au ishirini; lakini siku karani wa baraza anapobisha hodi na kulisoma jina lililoandikwa, hana la kuitikia. Huyo ndiye nitakayemwita katika insha hii mpangaji wa mpangaji.

Je, ana haki gani? Wako wasemao kwamba hana haki hata moja, kwa kuwa aliingia kwa njia iliyokatazwa. Wako pia wasemao kwamba ana haki zote, kwa kuwa ametoa fedha yake. Majibu yote mawili yana kasoro, na ili tuione kasoro hiyo yatupasa kwanza tujue mtu huyu alitoka wapi.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji haukuwapo. Ulipoanza kukua, Waafrika waliokuja kufanya kazi walijijengea vijiji vyao pembezoni: Pangani, Maskini, Kaburini, na kile kilichoitwa Kijiji cha Mombasa. Wakuu wa koloni hawakuvipenda vijiji hivi, na karibu na mwaka 1922 wakatenga Pumwani kuwa mahali pa Waafrika kukaa. Pumwani serikali ya mji ilitoa viwanja tu. Nyumba zilijengwa na wenyeji wenyewe kwa miti na udongo, nazo zikaezekwa kwa madebe yaliyofunuliwa. Na wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake, waliopangisha vyumba kwa wageni waliokuja kutafuta kazi. Basi mpangaji wa Pumwani alimjua mwenye nyumba wake kwa sura na kwa jina. Walitumia ua mmoja, na wakigombana waliamuliwa na majirani.

Mambo yalibadilika pale baraza lenyewe lilipoanza kuwa mwenye nyumba. Mwaka 1929 lilijenga mabweni Kariokor, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ambao jina lao la Kiingereza, likitamkwa kwa ulimi wa Kiafrika, ndilo lililoupa mtaa huo jina. Ikafuata Shauri Moyo mwishoni mwa miaka ya 1930. Kisha Ziwani, Starehe na Kaloleni katika miaka ya 1940. Na baadaye Bahati, Mbotela, Ofafa na Jericho. Mbotela na Ofafa walikuwa madiwani wawili waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, naye mpita njia wa leo aghalabu huyataja majina hayo bila kujua kwamba yalikuwa ya watu.

Kariokor ilijengwa kwa kipimo cha kitanda. Mfanyakazi wa Kiafrika alihesabiwa kuwa mtu asiye na mke wala mtoto mjini, ajaye kwa muda kisha arudi kwao. Kwa hiyo alipewa nafasi ya kulala, na mshahara wake ukakadiriwa kwa kipimo hicho hicho. Mwaka 1954 tume iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba mishahara ile haikuweza kumlisha mtu na jamaa yake mjini. Lakini binadamu hakai kama alivyoandikwa katika hesabu. Aliyepewa kitanda alijiwa na nduguye atafutaye kazi. Baada ya nduguye alikuja mke. Baada ya mke, mtu wa kijiji kimoja aliyekuwa tayari kutoa shilingi kadhaa kwa mwezi ili apate pembe ya chumba. Fedha hizo zilijaza pengo ambalo mshahara uliliacha. Hivyo ndivyo mpangaji wa mpangaji alivyozaliwa, naye alizaliwa na kipimo kibaya kabla hajazaliwa na ujanja wa mtu yeyote.

Siku zile kosa lake lilikuwa zito kuliko la kukaa chumba kisicho chake. Kuwako kwake mjini pekee kuliweza kuwa hatia. Kipande kilikuwa shingoni mwa kila mwanamume wa Kiafrika, na katika Hali ya Hatari askari walizunguka mitaani usiku wakigonga milango na kudai vibali. Tarehe 24 Aprili 1954 ilianza ile operesheni iliyoitwa Anvil: mji ulizingirwa, mitaa ikachujwa mmoja mmoja, na maelfu ya watu wakapelekwa vizuizini. Katika hali kama hiyo, nani angekwenda kortini kushtaki kwamba aliyempangisha pembe ya chumba amemfukuza kabla ya mwezi kwisha? Haki isiyoweza kutamkwa mbele ya hakimu haina faida kubwa kwa mwenyewe.

Baada ya uhuru wa 1963 vibali viliondoka, na watu wakaingia mjini kwa hiari yao. Hesabu ya mwaka 1969 iliwakuta watu 509,286 katika Nairobi; ile ya 2019 iliwakuta 4,397,073. Baraza halikujenga kwa kasi hiyo, wala lisingeweza. Kodi za nyumba lilizokuwa nazo zilibaki chini, huku kodi za watu binafsi zikipanda, na kati ya bei hizi mbili pakawa na faida inayomwita kila apitaye. Mwenye jina daftarini alihamia mtaa mwingine, au alistaafu akarudi shambani, au alifariki akawaachia watoto ufunguo; na nyumba ikaendelea kuleta fedha. Wengine walijenga vibanda vya mabati katika kiwanja kidogo mbele ya nyumba ya baraza, wakavipangisha navyo. Aliyekuwa mnyonge wa 1954 akawa bwana mdogo, na chini yake akapatikana mnyonge mwingine. Sipendi kumlaumu kwa haraka yule mzee mstaafu ambaye chumba cha Jericho ndicho malipo yake ya uzeeni. Lakini hatuwezi kukana kwamba nyumba iliyojengwa kwa fedha za wote kwa ajili ya maskini ilikuwa sasa inamtoza maskini bei ya sokoni.

Kwa kuwa sheria za upangaji tunazozitumia zilitoka Uingereza, hatuna budi sasa kuvuka bahari. Sheria ya Kenya inayohusu mahakama inazitambua kanuni za kawaida za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kadiri hali ya nchi yetu inavyoziruhusu. Tena London ilikuwa na mpangaji wa mpangaji muda mrefu kabla Nairobi haijawa na hata nyumba moja.

Mashariki ya London palikuwa na mtaa wa mabanda ulioitwa Old Nichol, ambapo mtu alipanga nyumba, akapangisha vyumba, na mwenye chumba akapangisha pembe. Baraza la Wilaya ya London liliuvunja, likajenga mahali pake nyumba za gorofa za Boundary, zilizofunguliwa mwaka 1900. Nyumba zilikuwa nzuri, na zinasimama hata leo. Lakini kodi zake na kanuni zake hazikuwafaa wale waliokuwapo kwanza: katika watu zaidi ya 5,700 waliohamishwa, inasimuliwa kwamba 11 tu ndio waliopata kukaa katika nyumba mpya. Msomaji na aikumbuke hesabu hiyo.

Jambo lililowatisha wapangaji wadogo wa Uingereza katika karne ya 19 ni kukamatwa kwa vyombo. Kwa kanuni ya zamani, mpangaji mkuu asipolipa kodi, mwenye nyumba aliweza kutuma dalali akamate vyombo vyote vilivyomo nyumbani, hata kama vilikuwa vya mtu mwingine. Mtu aliyelipa kodi yake kwa uaminifu alirudi jioni akakuta kitanda chake kimechukuliwa kwa deni asilolijua. Mwaka 1871 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda mali ya mpangaji wa chumba: aliweza kumpa dalali karatasi yenye sahihi yake, akieleza kwamba vyombo ni vyake na si vya mdeni. Mwaka 1908 ulinzi huo ulipanuliwa. Lakini sheria hiyo hiyo ilimtoa katika ulinzi yule aliyepangishwa kinyume cha mapatano yaliyoandikwa baina ya mwenye nyumba na mpangaji wake wa kwanza.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1915 watu walimiminika Glasgow kufanya kazi katika viwanda vya meli na silaha, nao wenye nyumba wakapandisha kodi. Wanawake wa mtaa wa Govan, wakiongozwa na Mary Barbour, walikataa kulipa nyongeza. Dalali alipokuja, walijaa ngazini kumzuia. Mwezi wa Novemba nyumba zilizogoma zilikadiriwa kufika 20,000, na kabla ya mwaka kwisha Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuzifunga kodi katika kiwango cha Agosti 1914. Ndiyo iliyokuwa mama wa sheria zote za kodi zilizofuata, na binti zake walifika hata kwetu: Kenya ilipata sheria ya kuzuia kupanda kwa kodi mwaka 1940, wakati wa vita ya pili.

Sheria ya Uingereza ya 1920 ilimkumbuka mpangaji wa mpangaji waziwazi. Ilisema kwamba upangaji wa yule wa kwanza ukikoma, yule wa pili hatatupwa nje, bali atahesabiwa kuwa mpangaji wa mwenye nyumba mwenyewe. Hilo ni jambo kubwa. Lakini ndani yake palitiwa neno moja: awe amepangishwa kihalali. Kwa neno hilo moja wapangaji wa wapangaji wakagawanyika makundi mawili. Aliyeingia kwa idhini ya mwenye nyumba alipata paa; aliyeingia bila idhini alibaki na madai yake juu ya mtu aliyempangisha, basi. Nao hawa wawili huenda walilipa kodi ile ile, katika nyumba zinazopakana, wala huyu wa pili hakujua kwamba idhini haikutolewa.

Madai hayo juu ya aliyekupangisha yana uzito gani? Swali hili lilifika katika baraza kuu la mahakimu wa Uingereza miaka mingi baadaye. Huko Brixton, kusini mwa London, Baraza la Lambeth lilikuwa na nyumba za gorofa lililokusudia kuzivunja. Mwaka 1986 liliipa jumuiya moja ya makazi ruhusa ya kuzitumia kwa muda kwa watu wasio na mahali pa kukaa. Ilikuwa ruhusa tu. Jumuiya haikupata milki yoyote. Mwaka 1989 jumuiya hiyo ilimpa mtu mmoja chumba kwa malipo ya kila juma, na karatasi waliyoandikiana haikutaja upangaji. Mtu huyo alipodai atengenezewe nyumba, kama sheria inavyompasa mwenye nyumba kufanya, jumuiya ilijibu: sisi si wenye nyumba, hatuna milki, asiye na kitu hawezi kukipangisha.

Jibu hilo lina mantiki, na mahakama ya rufani ililikubali. Lakini tarehe 24 Juni 1999 mahakimu wakuu walilikataa. Jaji Hoffmann alieleza kwamba upangaji ni uhusiano unaozaliwa na mapatano ya watu wawili. Mtu akimpa mwenzake nyumba aikalie peke yake, kwa muda na kwa malipo, amekuwa mpangishaji wake, na hawezi kuugeukia udhaifu wa haki yake mwenyewe ili aukwepe wajibu wake. Jumuiya ilipaswa kutengeneza.

Walifurahi wapangaji wengi siku hiyo, na yamkini walifurahi mno. Baadaye Lambeth ilikomesha mapatano yake na jumuiya, ikazitaka nyumba zake. Wakaaji wakasema: sisi ni wapangaji, mahakama ilikwisha kusema. Mwaka 2006 mahakimu wale wale wa daraja la juu wakajibu kwamba ni kweli, mlikuwa wapangaji, lakini wa jumuiya. Juu ya baraza, ambalo halikupatana nanyi neno lolote, hamna upangaji. Nadhani hukumu hizi mbili zikisomwa pamoja ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi hali ya mtu wetu. Amesimama kati ya watu wawili. Kwa yule aliyepokea fedha yake ana haki za mpangaji: kuachwa akae kwa amani, kupewa ilani kabla ya kuondolewa, kutofungiwa mlango wala kutupiwa vyombo nje. Kwa yule mwenye nyumba hasa, haki hizo zinakatika kama kamba.

Hukumu za Uingereza zilizotolewa baada ya 1897 hazizifungi mahakama zetu, ijapokuwa husikilizwa kwa heshima. Sheria yetu wenyewe ya kuzuia kodi, ya mwaka 1959, iliweka baraza la hukumu la kusikiliza kesi za nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haikuzidi shilingi 2,500 kwa mwezi, nayo ilikataza mtu kumtoa mpangaji kwa nguvu zake bila amri. Kiwango hicho kilipowekwa kilikuwa kikubwa. Siku hizi vyumba vingi vya kawaida vimekipita, na kwa hiyo ulinzi umepungua bila mtu kuufuta. Tena miongoni mwa sababu zilizotajwa za mwenye nyumba kurudishiwa nyumba yake ni kwamba mpangaji ameipangisha kwa mwingine bila idhini. Lile neno la 1920 lina ndugu zake hapa kwetu.

Hata hivyo Kenya imeongeza kitu ambacho wale wanawake wa Govan hawakukiona. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yanayofaa. Imeandikwa kila mtu. Haikuandikwa kila mwenye jina daftarini. Mwaka huo huo wakaaji wa Muthurwa, mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli, waliambiwa waondoke, na nyumba zikaanza kubomolewa wao wakiwa bado wamo. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 ikaamua kwamba kuondolewa kwa namna ile kulivunja haki zao. Mwaka 2016 sheria ya ardhi ikaongezewa vifungu vya kuwahamisha watu: hata mtu anayekaa katika ardhi ya umma bila idhini sharti apewe ilani ya miezi mitatu, wanaomhamisha wajitambulishe, utu wake uheshimiwe, na mali yake itunzwe. Vifungu hivi havimfanyi mpangaji wa mpangaji kuwa mpangaji wa kaunti. Kwa maoni yangu vinafanya jambo dogo zaidi lakini la haja: vinamwondoa katika hesabu ya vitu vinavyofagiliwa, vinamtia katika hesabu ya watu wanaoambiwa.

Ushahidi ndio unaowashinda wengi. Aliyekupangisha kwa siri hataki kuandika. Hukataa stakabadhi, hubadilisha jina, husema wewe ni mgeni wake. Zamani hapo ndipo maneno yalipokwisha. Siku hizi malipo ya kodi kwa simu huacha alama ya siku na kiasi, na alama hiyo ikilimbikizwa miezi mingi ni vigumu kwa mtu kuikana mbele ya hakimu. Lakini haimzuii kula fedha hizo asizifikishe barazani. Na karani anayekuja kutia kufuli mlangoni kwa ajili ya deni haulizi nani alilipa nini kwa nani.

Mwaka 2009 baadhi ya wakaaji wa Kibera walihamishiwa katika gorofa mpya zilizojengwa na serikali upande wa Lang'ata, nyumba 600, wakae huko wakati mtaa wao unajengwa upya. Haikuchukua muda kabla ya wengine kupangisha vyumba vyao na kurudi walikotoka, ambako maisha yalikuwa rahisi zaidi. Wako waliokasirika wakasema maskini hawasaidiki. Mimi naona kwamba walifanya lile lile lililofanyika Kariokor: waligeuza nafasi waliyopewa kuwa fedha waliyokuwa wakiihitaji zaidi. Uingereza ilichukua njia ya adhabu, ikafanya mwaka 2013 kuwa ni jinai kwa mpangaji wa nyumba ya umma kuipangisha kwa hila, kifungo chake kikifika miaka miwili, na faida aliyoipata arudishe. Adhabu hiyo humwangukia aliyepangisha. Aliyepangishwa hafungwi, ila ndiye anayefungasha.

Na kufungasha ndiko kunakokuja sasa katika mitaa ya zamani ya Nairobi. Kijiji cha Pangani kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wakaelekezwa Shauri Moyo. Karibu na mwaka 2020 nyumba 48 za kaunti zilizokuwa na jina hilo hilo la Pangani zilivunjwa pia, ili pajengwe majengo marefu. Mitaa mingine inangoja zamu yake. Kila mara kazi huanza kwa orodha, na orodha hutolewa katika daftari. Na karani anayeitwa kuiandaa anaweza kuandika jina la aliyepewa nyumba mwaka 1965, au kubisha mlango na kuuliza ni nani aliyelala humo jana.